Mafiga Matatu na Mawifi Wawili

Kijana huyo walimwita Labeka, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na watu, kwa sababu ukiita mtu yeyote, hata kama si yeye, ataitika "Labeka!" na kuja mbio. Mzee akisema leo mvua itanyesha, yeye husema naam, itanyesha. Mzee mwingine akisema leo ni jua tupu, yeye husema naam, tena jua la kupasua mawe. Shingo yake ilizoea kuinama na kuinuka hivi kwamba kola za mashati yake zote zilichakaa upande wa mbele.

Mtu wa namna hiyo hafai kuchumbia kwenye nyumba yenye mawifi wawili. Lakini mapenzi hayaulizi njia, na Labeka alimpenda Rangi.

Rangi ndiye aliyepaka rangi katika karakana ya katuni ya familia yao: vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la mchonga funguo, na nyuma ya vyumba hivyo ndiko walikolala. Mama yake alichora. Shangazi yake alitia sauti za bata, fisi, paka, upepo na mlango unaolia. Baba yake Rangi, mwenye kuianzisha karakana, alifariki akawaachia wote wawili, mkewe na dada yake, bila kusema nani mkubwa. Marehemu alikuwa mtu mwema, lakini hapo alitega mtego akaondoka zake. Tangu siku hiyo neno "kwanza" halikutamkwa ovyo mle ndani. Rangi alijifunza kumimina chai kwa mikono miwili, birika huku na birika huku, ili vikombe vya wakubwa wake vijae pamoja.

Wakati huo walikuwa na katuni ya harusi ya Fisi, inayoharibiwa na Bata Bukini mmbea asiyejua kunyamaza. Kituo cha televisheni cha watoto kilikuwa kinaisubiri Ijumaa saa sita mchana, bila nyongeza. Michoro ilikuwa tayari, sauti tayari. Kilichobaki ni kuipika. Maana kompyuta huipika katuni kweli: huchukua mchoro, rangi, kivuli na mwanga, ikavikoroga mpaka picha moja ikaiva, kisha inayofuata, kisha inayofuata tena. Na kompyuta yao moja, kwa mwendo ule, ingemaliza Fisi akiwa na wajukuu.

"Figa moja haliinjiki chungu," akasema Labeka, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa kompyuta, akijitia ushujaa mbele ya mchumba wake. "Nipeni kompyuta tatu nizifunge pamoja, zipike kama jiko moja."

Mama yake Rangi aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyomzidi kimo.

"Sikiliza, kijana. Ijumaa katuni ikitoka nzima, walete wazee wako tuzungumze habari ya posa. Isipotoka, usilete hata salamu."

"Labeka, mama," akajibu Labeka.

Kazi akaianza. Kompyuta moja ilikuwa ile yao, ya pili ilitoka kwenye ofisi iliyofungwa, ya tatu ilikuwa imetupwa kwa kosa la kupiga kelele. Zote tatu akazitilia Linux, programu ya kuendesha kompyuta ambayo haina maringo, haidai kompyuta iwe mpya. Akatandaza nyaya ukutani, akazikutanisha kwenye kisanduku cha taa za kijani zilizopepesa kama macho ya mtu mwongo. Chini ya meza akaweka sanduku la diski, akaliita Ghala. Kompyuta akaziita Figa la Kwanza, la Pili na la Tatu.

"Vitu vya kila mtu vinakaa ghalani," akawaeleza. "Ukiketi kwenye figa lolote, andika jina lako na neno lako la siri, na kabati lako litafunguka."

"Na la mwenzangu?" Shangazi akauliza haraka.

"La mwenzako halifunguki, shangazi. Kila mtu na lake."

"Hapo umesema," akasema Shangazi.

"Hapo umesema kweli," akasema Mama, naye haraka vilevile. Labeka angekuwa mjanja, angejiuliza ni lini wawili hao walikubaliana jambo.

Ikaja kuandikisha watu. Alipokuwa kwenye Figa la Kwanza, Mama alivuta kiti akaketi begani kwake. "Jina la nani linatangulia hapo?"

"Lako, mama. La nani tena?"

Kesho yake, kwenye Figa la Pili, begani alikuwa Shangazi. "Natumai humu sikuwekwa mkiani."

"Wewe ndiye wa kwanza, shangazi. Tazama mwenyewe."

Kwenye Figa la Tatu akaja Rangi na harufu yake ya mafuta ya nywele. "Na mimi?"

"Wa kwanza moyoni, wa kwanza mtamboni," akasema Labeka, akamwandika juu ya wote.

Alijiona fundi wa watu kuliko wa mitambo. Lakini kompyuta ina tabia yake: kila anayeandikishwa humpa namba, wa kwanza namba ya kwanza, wa pili ya pili. Ghala nalo halisomi majina, linasoma namba tu. Labeka alilijua jambo hilo, ila alilijua kama mtu ajuavyo kwamba maji ya moto huunguza kabla hayajamgusa.

Siku za mwanzo kila mtu aliweka vitu vyake ghalani kupitia Figa la Kwanza, kukawa shwari. Alhamisi asubuhi mafiga yote matatu yakawa tayari. Rangi akashuka dukani, Mama akaingia chumba cha pili kulijaribu Figa la Tatu, na Shangazi akaketi kwenye Figa la Pili, karibu na dirisha. Akaandika jina lake. Akalibonyeza kabati lake.

*Ruhusa imekataliwa.*

"Nani kanikatalia?"

"Ni mashine, shangazi."

"Mashine haina kinyongo, mwanangu. Nakatazwa kabati langu, ndani ya karakana ya kaka yangu!" Akautupia jicho mlango wa chumba cha pili. "Hapa naona mkono wa mtu."

Kwa hasira tu akalibonyeza kabati la wifi yake. Likafunguka wazi, bila hata kulia.

"Ala!"

"Lifunge, shangazi, tafadhali."

"Nilifunge mimi? Kwani mimi nililifungua? Limefunguka lenyewe."

Ndani mlijaa michoro ya Bata Bukini, ile ya mwanzo mwanzo, kabla hajasafishwa. Bata huyo alivaa miwani yenye mnyororo wa shanga. Alifunga kilemba fundo likiwa juu ya sikio la kushoto. Alitembea kifua kikitangulia, mwili wote ukifuata kwa heshima. Na chini ya kila mchoro palikuwa na mwandiko: *Wifi akinusa siri. Wifi akiona keki. Wifi akijifanya anaondoka.*

Shangazi aligusa miwani yake, akagusa fundo la kilemba chake. Miezi yote alikuwa amempa bata huyo sauti, akimcheka kwa jinsi alivyo mpumbavu. Sasa alinyamaza. Labeka hakuwa anajua kwamba jambo hilo linawezekana, na lilimtisha kuliko kelele.

Kelele zilitoka chumba cha pili.

"Labeka!"

"Labeka, mama!"

Hakuwahi kufika mlangoni. Kumbe huko nako Mama alikatazwa kabati lake, naye akajaribu la jirani, naye likamfungukia. Spika zikanguruma kwa sauti ya Fisi: "Nani kagusa kalamu yangu? Nimesema, naaani?" Mtu yeyote aliyewahi kugusa kalamu katika nyumba ile aliijua sauti hiyo ni ya nani. Kisha ikasikika sauti ya Shangazi mwenyewe, ikijisemea kwenye rekodi: "Hapana, bado. Wifi mwishoni huvuta pumzi kama pampu ya baiskeli. Ngoja nirudie."

Mawifi wakakutana kwenye mlango wa kati.

"Bata, mimi?"

"Fisi, mimi?"

"Angalau fisi wako ana harusi! Mimi umenipa keki tu!"

"Pampu ya baiskeli, wifi? Pampu?"

Rangi alirudi kutoka dukani akawakuta hivyo, na Labeka katikati kama nguo iliyosahauliwa kambani. "Picha ngapi zimeiva?" akauliza.

Labeka akatazama. Figa la Kwanza lilikuwa linapika. La Pili na la Tatu yalikuwa baridi; yaliomba michoro ghalani, yakanyimwa, yakakaa. Ijumaa saa sita ilikuwa kesho.

Ikabidi aseme. Akaeleza habari ya namba, kwamba mwenye namba ya kwanza hapa siye mwenye namba ya kwanza pale, na kwamba Ghala linampa mtu kabati kwa namba, si kwa sura.

"Na namba ya kwanza ni nani?" wakauliza mawifi kwa pamoja.

"Ni... kila mtu. Mahali pake."

"Uliniambia ni mimi!"

"Uliniambia mimi!"

"Hata mimi aliniambia ni mimi," akasema Rangi polepole, na jicho lake lilimuuma Labeka kuliko yote.

"Dawa ni orodha moja," Labeka akasema, akitazama sakafu. "Ile ile kwenye mafiga yote."

"Sawa. Na nani wa kwanza?"

Shangazi akajaribu kupita pembeni. "Kwani humo ndani aliye juu ya wote ni nani?"

"Ni mkuu wa mtambo, shangazi. Namba yake ni sifuri."

"Basi niandike sifuri."

"Sifuri ni mimi!" Mama akafoka. "Nimekuwa sifuri nyumba hii kabla wewe hujajua kufungua mlango!"

Shingo ya Labeka ikaanza kuinama upande wa Mama, ikakumbuka Shangazi, ikageuka, ikakwama. Na ilipokwama, mdomo ukatoa neno ambalo haukuwa umelizoea.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Sifuri si ya mtu. Na orodha ni ile ya Figa la Kwanza, kwa sababu makabati yote yamepigwa namba hizo. Tukianza kuzibadili, Ijumaa itatukuta na mhuri wa namba mkononi."

Shangazi akalainisha sauti mpaka ikawa siagi. "Niandike mimi kwanza, *mkwe* wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo na mtu wa nyumba ile.

"Hapana, shangazi."

Mama akatabasamu, akamsogelea. "Vizuri, mkwe. Ila kabati la wifi liache wazi kidogo, niendelee kusikiliza."

"Hapana, mama."

Mawifi wakatazamana.

"Wifi, umesikia alivyonijibu?"

"Nimesikia, wifi yangu. Hata mimi kanijibu hivyo hivyo."

"Hana adabu."

"Alikuwa nayo jana tu."

Wakaingia chumba cha pili pamoja, jambo ambalo halijapata kuonekana, wakamwita Rangi, wakafunga mlango.

Labeka akajua posa imekwenda na maji. Lakini kazi haikuwa imemkosea. Akiwa palepale kwenye Figa la Kwanza, kwa kupitia nyaya, akawafuta watu wote wa Figa la Pili na la Tatu, akawaandika upya kwa namba zile zile za la Kwanza: Mama, Shangazi, Rangi. Akajaribu makabati. Kila moja likamtii mwenyewe tu. Mafiga yakaomba michoro, Ghala likatoa, feni zikavuma, na lile la kelele likapiga kelele zake kwa furaha. Nyuma ya mlango alisikia kalamu ikikwaruza na watu wakicheka vicheko vya kuzibwa kwa mkono. Baadaye mkono wa Rangi ukatokea, ukampa kidiski chenye picha mpya na kijikaratasi: *Ongeza na hizi.* Akaziongeza bila kuzitazama. Hakuwa na nguvu za kutazama.

Ijumaa katuni iliiva kabla ya saa sita. Waliitazama wote, mtu wa televisheni amesimama nyuma na kofia mkononi. Fisi alifoka kama pampu ya baiskeli. Bata alitanguliza kifua. Na ukutani, katika kila tukio la harusi, palikuwa na mjusi mpya. Fisi akisema neno, mjusi anatikisa kichwa kukubali. Bata akisema kinyume chake, mjusi anakubali tena. Alivaa shati, kola yake imechakaa upande wa mbele. Mwisho kabisa Fisi na Bata walimsogelea wakamwuliza kwa pamoja nani mzuri zaidi, na mjusi akatikisa kichwa kulia na kushoto, akadondoka ukutani.

Mtu wa televisheni alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu mjusi mmemtoa wapi?"

"Ni jamaa," akasema Mama. "Bado hatujamzoea." Kisha bila kugeuka: "Labeka, Jumapili walete wazee wako."

"Labeka, mama!"

"Wakibisha hodi," Shangazi akauliza, akiipangusa miwani yake taratibu, "nani atakayewapokea wa kwanza?"

Shingo ikaanza. Rangi akamkazia macho. Labeka akaishika shingo kwa mkono.

"Atakayewahi mlango."

Jumapili mjomba wake Labeka alibisha hodi, na nyuma yake baba mdogo na shangazi zake wawili waliovaa vizuri, na mwisho Labeka mwenyewe. Kutoka ndani wakasikia nyayo za watu wawili zikija kasi, kishindo kimoja, halafu kitasa kikazunguka huku, kikazunguka kule, mlango usifunguke. "Niachie, wifi." "Niachie wewe, wifi." Mchonga funguo akapanda ngazi na kikapu cha vyombo vyake, kwa huruma.

"Kitasa kimeharibika?"

"Hapana," akasema Labeka, na safari hii neno lilitoka lenyewe. "Kimeshikwa."