Vifuko Vitupu

Jirani yetu, Mama Redio, anasema alimwona shangazi yangu dukani bila mtandio, akadhani ni mdogo wake. Anasema lile kovu la moto shavuni limeyeyuka kama sukari kwenye chai. Shangazi hana mdogo, na kovu liko palepale. Tunalala chumba kimoja, naliona kila asubuhi. Lakini Mama Redio akishatangaza, nani atamzima?

La kweli ni moja: tangu aungue, shangazi alikuwa hatoki nje bila kujifunika uso. Sasa alikuwa anatoka.

Mimi naosha vyombo vya vioo kwenye maabara ya vipodozi. Mtaalamu wetu anakamua majani kupata dawa ya kuzuia ngozi isichakae, anaongeza kimeng'enya cha papai, kisha anavifungia ndani ya vifuko vya mafuta vidogo hata jicho halivioni. Anaviita liposomu. Kila mara hutengeneza pia vifuko vitupu, visivyo na kitu ndani, vya kulinganishia. Vyenye dawa vina rangi ya tope na vinanuka majani yaliyooza. Vitupu ni vyeupe pe, kama maziwa. Vikibaki husema, "Chukua, dada. Havimdhuru mtu."

Nikampelekea shangazi kikopo. Nikamwambia, "Hivi ni vitupu, vya kulainisha ngozi tu."

Akacheka. "Nyie watu wa maabara mna siri kama waganga."

Kikopo kilipoisha, mtandio ukaanza kurudi. Kwanza mabegani, kisha kidevuni. Nikamweleza mtaalamu. Kwa moyo mweupe akanipa chenye dawa yenyewe, ile anayokesha akiitafiti.

Shangazi akafungua, akanusa, akakisukuma kando. "Hiki feki."

"Shangazi, hiki ndicho chenyewe."

"Chenyewe nakijua, mwanangu. Ndicho kilichonitoa ndani."

Mama Redio alikuwa mlangoni, amekuja kuazima chumvi. Akanusa naye, akakunja pua. "Wamekubadilishia, shoga. Ndiyo zao hao. Kitu kikishafanya kazi, wanakificha."

Shangazi akavuta mtandio mpaka chini ya jicho, akanishika mkono.

"Safari hii niambie ukweli tu, mwanangu. Kile cha kwanza mlitia nini?"