Bahasha ya Mzee Radimu

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo vya biashara, Mageni alifunua kitenge kilichofunika ubao wa sataranji kwenye kona ya sebule yake, akazipangusa kete moja moja na kuirudisha kila moja mahali pake. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Kuna kuku aliwahi kurukia meza ile akazimwaga kete zote sakafuni. Kuku huyo aliliwa siku hiyohiyo, na kete zilirudi zilipokuwa bila Mageni kutazama karatasi yoyote, maana mpangilio ule aliujua kuliko namba yake ya simu.

"Mama, huo mchezo umeshachacha," binti yake Blessing alizoea kumtania. "Mwenzako anazeeka huko kwao, wewe unamsafishia farasi."

"Atakuja tuumalize," Mageni alijibu. "Alisema."

Aliyesema ni Radim, Mcheki, ambaye Maganzo nzima ilimwita Mzee Radimu, na wengine Ladimu, kwa jinsi ulimi wa Kisukuma ulivyopenda. Alikuja kufunga pampu za visima. Asubuhi alikunywa chai kwenye kibanda cha Mageni kando ya barabara, mahali ambapo madalali wa almasi waliwasubiri wachimbaji huku wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mageni alikuwa mjane mwenye mikono ya unga wa chapati, na madalali wale alikuwa akiwafunga wote, mmoja baada ya mwingine, kisha anawamiminia chai bila kuringa. Tuseme ukweli, aliringa kidogo. Radim alimtazama wiki nzima. Wiki iliyofuata alikuja na ubao wa sataranji kwapani.

Kwao alikuwa bingwa, tena si bingwa wa kuokota. Alianza kucheza akiwa na miaka tisa, akazunguka miji mingi akishinda, na ilibaki nusu pointi tu apate cheo cha juu kabisa, cha granmasta. Nusu pointi hiyo aliikosa kwa kutaka mwenyewe. Katika mchezo wa mwisho, mpinzani wake alishikwa na tumbo akakimbilia nje, na huku nyuma muda wake kwenye saa ya mchezo ukaisha. Kwa sheria, Radim alikuwa ameshinda. Akakataa. Alimngoja mtu yule arudi, akaomba saa irudishwe nyuma, wakaendelea, akafungwa.

"Hukujuta?" Mageni alimuuliza aliposimuliwa.

"Nilijuta miaka miwili," alisema Radim kwa Kiswahili chake cha kupima maneno. "Lakini Mama Blessing, ningekuwa nimeifunga saa. Mimi nilikwenda kucheza na mtu."

Mageni alikwenda kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa, na tangu siku hiyo kiti cha mzee yule pale kibandani hakikukaliwa na mtu mwingine kabla yeye hajafika.

Radim alimfundisha miaka mitatu. Mwaka wa tatu, Bwana Ebrahim, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme mjini Shinyanga na mpenzi mkubwa wa sataranji, aliandaa mashindano, yeye mwenyewe akiwa mwamuzi. Washiriki kumi na wawili walipukutika hadi fainali ikabaki kati ya mwalimu na mwanafunzi wake, mchana wa Jumapili, katika ukumbi uliokuwa tayari umepambwa kwa harusi ya jioni.

Mageni alibakiwa na dakika nne, zamu ikiwa yake, alipomwona baba mkwe wake, mzee Maganga, akiingia mlangoni na fimbo yake. Alikuwa ametoka kijijini kuja kumwona mkamwana akicheza na wazungu. Sasa, mkamwana wa Kisukuma hamwambii baba mkwe asubiri kidogo. Mageni aliinuka, akaenda, akapiga magoti kumwamkia.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Watoto?"

Wakaulizana watoto, wakaulizana ng'ombe, wakaulizana mvua, goti la jirani na mazishi ya shangazi. Mageni aliporudi mezani, kibendera cha saa yake kilikuwa kimeanguka.

"Muda umekwisha," alisema Bwana Ebrahim kwa masikitiko. "Mshindi ni Mzee Radimu."

Radim alitikisa kichwa. "Mwamuzi, huyu hakuwa anafikiri. Alikuwa anaamkia. Mrudishie dakika zake nne."

Ebrahim alibisha, lakini si sana. Dakika zilirudi. Mageni akakaa, akapeleka ngome yake hadi mlangoni kwa mfalme mweusi wa Radim. Mzee aliuinamia ubao muda mrefu mno, hadi watu wa harusi wakaingia na viti vyao na kuomba ukumbi wao.

Zamani ilikuwapo desturi katika mchezo huo: ukikatizwa, mwenye zamu hasogezi kete. Anaandika hatua yake kwenye karatasi, anaifunga ndani ya bahasha, mwamuzi anaitunza hadi siku ya kuendelea, ili asiwepo wa kwenda kulala akijua zaidi ya mwenzake. Radim aliomba wafanye hivyo. Aliandika, akalamba gundi, akasaini juu ya mkunjo. Ndipo akasema kwamba mkewe kwao ameugua na alfajiri anaondoka.

"Nitarudi tumalize," alisema. "Bahasha atunze Mageni."

"Mpinzani wako?" Ebrahim alishangaa. "Hilo halijawahi kutokea."

"Kwake iko salama kuliko kwangu."

Basi ndivyo ilivyokaa, ndani ya sanduku la nguo, miaka yote hiyo. Mke wa Radim aliugua muda mrefu, kisha akafariki. Ikaja korona, na baada yake miguu ya mzee mwenyewe ikagoma. Kila Krismasi aliandika ujumbe uleule: mchezo wetu haujaisha. Mageni naye alikuwa amezihesabu hatua tisa za maana ambazo bahasha ile ingeweza kuwa nazo, na kila moja aliitafutia jibu. Alimtamani mzee yule akae tena kwenye kiti kile, apulize chai yake, aone majibu yote tisa. Mara moja tu, mwaka wa korona, aliishika bahasha juu ya mvuke wa birika. Aliiondoa kabla gundi haijalegea, akatazama nyuma kama mwizi, akaona aibu siku nzima.

Mwezi Machi ulikuja ujumbe kutoka kwa Alena, binti wa Radim, kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine. *Baba amekufa kwa amani. Alisema Mageni afungue bahasha mbele ya mwamuzi.*

Mageni alilia hadi Blessing akafunga kibanda. Kesho yake alivaa gauni la kanisani, akapanda basi kwenda Shinyanga.

Bwana Ebrahim alikuwa amezeeka, lakini daftari la mashindano alikuwa nalo bado, na mstari wa fainali ulikuwa haujajazwa. Aliupanga ubao juu ya kaunta kati ya swichi na balbu, Mageni akimwelekeza. Akaivaa miwani, akaukagua mkunjo na saini.

"Haijaguswa," alisema, akaichana. Alisoma kimyakimya, kisha akampa.

*Sina hatua ya kuniokoa. Nimeshindwa, Mageni, umenifunga kwa haki. Nilipaswa kukuambia hapa mezani, na hii ni mara ya kwanza maishani namficha mtu ushindi wake. Lakini mchezo ukiisha, nitarudi Maganzo kufanya nini?*

Mageni alisoma mara mbili. Hasira ilimpanda kwanza, akamkasirikia marehemu waziwazi mbele ya balbu zile. Miaka kumi na moja alimngojea mtu aje amalize kitu kilichokwisha siku ileile. Halafu hasira ikamwishia, akabaki anamtamani tu, kwa sababu kumbe naye, kule kwao, alikuwa akiungoja mchezo uleule.

"Niandike umeshinda?" Ebrahim aliuliza kwa upole.

"Andika."

Jumamosi alifunua kitenge kama kawaida. Blessing alisimama na boksi tupu, akauliza kama sasa azipakie kete. Mageni alimgusa mfalme mweusi kwa ncha ya kidole. Mchezaji anayekubali kushindwa humlaza mfalme wake mwenyewe, kwa mkono wake, na mzee yule ndiye aliyemfundisha hilo.

"Muache hivyohivyo," alisema. "Mwenyewe hajamlaza."

Akampangusa, akamrudisha mahali pake, akafunika.