Sitini na Mbili ya Gitega

Jumatatu asubuhi Alida Ndihokubwayo, fundi cherehani wa Batsinda mwenye miaka thelathini na minane, alifika dirisha la nne la ofisi ya kulinganisha vyeti, Muhima jijini Kigali, na diploma yake ya sekondari kutoka Burundi. Chuo cha uuguzi kilitaka karatasi ya ulinganifu kabla ya Ijumaa. Alitaka uuguzi tangu mama yake alipofariki kwa kukosa wa kumhudumia.

Karani Cassien alisoma alama. "Dada, sitini na mbili iko kidogo sana."

"Shefu, kwetu Gitega nilikuwa wa kwanza. Mwalimu alisema mia ni ya Mungu, tisini ni yake. Sisi tuligawana iliyobaki."

"Kompyuta haijui mwalimu wenu."

Akagonga muhuri: sawa na kidato cha tatu. Hapo hapo Alida akawa na miaka kumi na mitano. Sketi ikampwaya. Cassien akampa pini. Huziweka kwenye droo kwa ajili hiyo.

Kwenye dirisha la tano alisimama kijana Kagabo. Hajawahi kuvuka mpaka, ila alisoma shule ya kimataifa hapa hapa Kigali, na mitihani yake ilisahihishwa Ulaya. Akapigiwa muhuri wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, akaota ndevu. Mama yake akazipangusa makombo ya sambusa, wakaondoka. Mwenye nacho huongezewa.

Alida alikasirika, tena sana. Lakini hasira haimalizi kidato. Binti yake Shimwa, mwenye miaka kumi na tisa, alimwandikisha shule akasaini kama mlezi, na kila jioni alimkagulia madaftari.

"Mama, umeruka hesabu ya tatu."

Alida alirudia. Baada ya miaka mitatu alifanya mtihani wa taifa, akapata tisini na moja, alama ambayo mwalimu wa Gitega angeiita kufuru.

Chuoni, msajili Winifred alikisifu cheti. "Shida ni moja. Mwaka huu tunaanza na wenye vyeti vya kimataifa."

"Nina cha Burundi pia."

"Burundi? Ile iko jirani tu, mdogo wangu."

Alida akakunja vyeti vyote viwili, akaomba fomu ya mtihani wa Ulaya. Alikuwa na miaka kumi na minane, na muda alikuwa nao.