Mguu wa Kushoto wa Bibi Sughran

Kidole gumba changu kiliacha shimo mguuni mwa mama mkwe, Bibi Sughran, na shimo lile halikujaa. Nililitazama kidogo, nikamimina mafuta ya haradali viganjani, nikaendelea kukanda.

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemkanda miguu kila alasiri, kama mkamwana yeyote wa mji wetu wa Sialkot, Pakistan, aliyelelewa akaleleka. Yeye hujilaza uani juu ya kitanda cha kamba, mimi hukaa miguuni pake. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya mazungumzo, ikiwa kusimangwa nako ni mazungumzo.

"Kaza mkono, wewe! Kwani nimekunyima chakula?"

"Nimekaza, Mama. Mguu wenyewe umevimba kama mipira ya kiwandani kwa mwanao."

"Basi ukande mpaka unywee. Mimi mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilikuwa namkanda mpaka anakoroma."

Nikakaza. Kwa siku tisa nilikaza, wa kushoto zaidi kuliko wa kulia, maana ndio uliokuwa ukimuuma. Alikuwa amekonda tangu baridi ianze. Hata mkate wa mahindi na mboga ya haradali, alivyovipenda kufa, vilimshinda. Mume wangu, Tanvir, alisema ni vidonda vya tumbo. Yeye na kaka yake walikuwa wamempeleka kupimwa, wakarudi na bahasha wakaiweka juu ya kabati. Sikuuliza. Mambo ya bahasha nyumbani kwetu ni ya wanaume.

Siku ya kumi, nikiwa bado nakanda, Mama alishika kifua. Hakupiga kelele. Alifungua mdomo kama anayetaka kunisimanga, lakini pumzi haikuja.

Hospitalini walimwekea hewa puani, wakampiga picha. Tanvir alikuwa ameenda kutafuta dawa wakati daktari alipotoka, msichana wa miwani ambaye macho yake yalikuwa na deni la usingizi.

"Damu imeganda mguuni," alisema, "na kipande kimekatika kikapanda mpaka kwenye pafu. Kwa saratani ya kongosho tunayaona sana haya."

"Saratani ya nani?" nikauliza.

Akanitazama, akalitazama faili. "Hamkuambiwa? Majibu yalitoka wiki sita zilizopita."

"Wameambiwa wanaume."

Akaketi nami kwenye benchi. Nadhani alinionea huruma, nami sikujua niipokee vipi. "Seli za saratani hutoroka kwenye uvimbe zikaingia kwenye damu," alisema. "Zimebeba kitu ambacho kwa kawaida damu hukutana nacho mtu akikatwa. Sasa damu inadhani kuna jeraha. Inaamka, inazing'ang'ania, inaganda ili izibe. Hakuna tundu lolote, lakini yenyewe inaziba tu."

"Haijui," nikasema.

"Haijui. Inafanya kazi yake." Akafunga faili. "Kuna mtu alikuwa anaukanda huo mguu?"

"Mimi."

Akavua miwani. "Huenda ndiko kulikokikata kile kipande. Huenda kingekatika chenyewe. Hakuna atakayekuambia kwa hakika. Lakini usiukande tena, dada."

Nilingoja kulia. Machozi hayakuja, wala hasira. Nilikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi kwa mng'oa meno: unajua lipo, hulihisi. Nikakumbuka kwamba nimeacha dengu zimelowekwa jikoni, nikazifikiria dengu zile muda mrefu sana.

Tanvir aliporudi nilimwambia ninayoyajua. Akainamisha kichwa.

"Hatukutaka avunjike moyo. Na wewe, Shaista, uso wako haufichi neno. Angekusoma."

"Nimemkanda siku tisa, Tanvir."

Aliushika tu mfuko wa dawa kwa mikono miwili.

Baada ya wiki tulirudi nyumbani na sindano za kuzuia damu isigande, moja kila siku, ya tumboni. Muuguzi alinifundisha mimi. Kabla hatujaingia ndani, Tanvir alinisimamisha mlangoni.

"Akiuliza, mwambie ni vitamini. Akijua leo, atakufa leo. Na hilo nalo utalibeba wewe."

Hilo nalo. Kumbe alikuwa ameshanipa mzigo wa kwanza.

Kesho yake asubuhi Mama alikuwa amekaa juani, shali mabegani. Nilipotoa sindano aliikodolea macho.

"Ya nini hiyo?"

Vitamini. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikaufikiria mguu ule, na siku zile tisa, na jinsi ambavyo nisingeugusa laiti mtu mmoja tu angenifungulia bahasha.

"Ni ya kuzuia damu isigande, Mama. Una saratani. Ya kongosho, na haina dawa ya kuiondoa. Nami niliukanda mguu wenye damu iliyoganda, kwa sababu sikuambiwa. Labda ni mimi niliyekufikisha hospitali."

Niliyasema yote kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa. Jirani alikuwa akikung'uta zulia upande wa pili wa ukuta. Mama aliusikiliza mdundo ule mpaka ukakoma.

"Tanvir anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Wiki saba sasa."

"Ahaa. Ndiyo maana kila siku ananiletea machungwa. Nikawa nasema, huyu mtoto kapatwa na nini?" Alivuta pumzi, fupi, akaisubiri nyingine. "Usimwambie kwamba najua."

"Mama..."

"Usimwambie! Hajui kujikaza yule, tangu mdogo. Mwache alete machungwa yake." Akapandisha gauni tumboni, akageuzia uso ukutani. "Haya, choma. Ila kwanza tuliza mkono, binti yangu. Unatetemeka."

Nikautazama mkono wangu. Nikaushika kwa mkono wa pili, nikachoma.