Upande wa Kushoto wa Seth

Pu. Kimya. Kisha pu tena, sauti ndogo kutoka jikoni, na nje bado giza. Nilishuka ngazi pekupeku. Mume wangu Seth alikuwa amesimama karibu na jiko la makaa, akirusha donge langu la uzi wa sufu ukutani na kulidaka. Liliporudi kulia, alilidaka. Liliporudi kushoto lilimpita shavuni, na mkono wake haukuinuka hata kidogo.

Nilirudi kitandani nikajifanya nimelala. Miguu yangu haikupata joto mpaka kulipokucha.

Wajukuu wangu hucheka nikiwaambia kwamba zamani zile mshambuliaji aliruhusiwa kumpiga kipa kikumbo hata kama kipa mwenyewe hana mpira. Huku Lancashire tuliona ni kawaida. Majira ya baridi yaliyotangulia, kipa wa mji wa jirani alikumbwa bila kutazamia, akazikwa Jumatano. Na Seth wangu, naye kipa, mmoja wa watu wa kwanza mjini kwetu kulipwa kwa kucheza mpira, alikuwa ameacha kiwanda cha pamba na kuapa kwamba harudi. Ndiyo maana upofu wa jicho lake la kushoto aliuficha, hata kwangu.

Jumamosi ile wangecheza na timu ya Enoch Catlow, mshambuliaji mwenye mabega kama mlango wa ghala. Alikuwa amefuma nguo pamoja na Seth walipokuwa vijana. Alhamisi nilijifunga shali, nikavuka kilima hadi kwake.

"Shemeji Keziah, umetumwa uniombe nisifunge?" akacheka.

"Haoni kushoto," nikamwambia. "Ukimjia upande huo utaniulia mume."

Kicheko kikamkauka. "Anajua umekuja?"

"Asijue kamwe."

Hakuniahidi kitu. Alinimiminia chai, kisha akanisindikiza hadi kileleni kwa sababu njia ilikuwa na barafu.

Siku ya mechi nilisimama nyuma ya lango, nikiuma pindo la shali. Mara tatu Enoch alikuja mbio kutoka kushoto. Mara tatu alipaza sauti angali mbali: "Kushoto, Seth. Nakuja." Seth akageuka, akajikinga.

"Mpigie na kengele kabisa, Catlow," watu wake wakamzomea. Walifungwa.

Lakini viongozi wa timu yetu nao walikuwa na masikio. Jumatatu walipitisha mshumaa mbele ya jicho la kushoto la Seth, nalo halikuufuata. Jumanne alirudi kiwandani.

Jumapili Enoch alibisha hodi. Nilimfungulia. Tangu Jumatatu Seth alikuwa hajasema neno, nami niliogopa la kwanza lisije likawa jina langu.

"Nani alikuambia?" Seth akamuuliza.

Enoch alitazama ndani ya kikombe chake. "Niliona mwenyewe. Unageuza kichwa kama kuku."

"Mwongo wewe."

"Haya, mwongo. Wenzangu wameamua nikae nje mwezi mzima kwa kukuonya, bwana, kwa hiyo usinifokee na wewe."

Nilikata mkate vipande vingi kuliko tulivyoweza kula. Mwishowe Enoch akainuka, akachukua kofia yake, akanishukuru kwa chai.

Seth alikuwa bado anatazama moto.

"Jumapili ijayo uje tena," akasema. "Ila ukae upande huu wa kulia, nikuone."