Gari Moshi la Bi Edith

Mwaka wa hamsini na sita wakubwa wa reli waliniletea Bi Edith hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Voi, eti anifundishe kuchezesha watoto. Mimi Wakesho, niliyekuwa nikilea watoto kumi na wanne wa watu wa reli! Alikuja na kitabu, filimbi na soksi nyeupe. Soksi nyeupe, kwenye vumbi hili jekundu!

"Leo tunacheza gari moshi," akatangaza. Akawapanga, kila mtoto kashika shati la mwenzake, kisha akapuliza filimbi. Hakuna aliyesogea. Akapuliza tena, mashavu yakamvimba kama chura.

"We mama, watoto wako ni wazito wa akili," akanigeukia.

Mtoto aliyezaliwa kando ya reli anajua kwamba gari haliondoki kwa filimbi tu. Lazima gadi, msimamizi wa gari, apunge bendera ya kijani. Nikavua leso yangu ya kijani kichwani, nikaipunga mara moja.

Wakaondoka wote, chuku-chuku-chuku, wakampita Bi Edith amesimama na filimbi yake mdomoni. Behewa la mwisho, kitoto cha miaka miwili, likageuka likampungia mkono, kama abiria anavyomuaga anayebaki stesheni.