Neno la Mlangoni

Mwantumu analala mchana kweupe, kwenye mkeka wa baraza yake, kichwa juu ya daftari, kalamu bado mkononi, na kama kuna usingizi wa hasira basi huu ndio wenyewe. Miaka mitatu anaandika riwaya ya maisha ya mdogo wake Chausiku, Mungu amrehemu, na miaka mitatu hajavuka sentensi ya kwanza. Ameshaiandika mara arobaini na moja. Mara zote kunapambazuka. Jogoo anawika, umande unametameta, jua linachomoza nyuma ya michungwa, na marehemu mwenyewe hata kitandani hajatoka! Si ajabu, huyu ni mwalimu, miaka ishirini anawaambia watoto wa Muheza kwamba insha nzuri huanza na mandhari, sasa mandhari yamemkaba koo. Kila Ijumaa mama yao humuuliza, umefika wapi, mwanangu? Naye hujibu, alfajiri, mama. Bado alfajiri? husema yule mama. Basi mimi nitakufa jua halijatoka.

Kope zinagusana, na mstari wa daftari unampokea miguuni, kumbe ni barabara, nyembamba, ya buluu, haina mwisho. Anaitembea. Jogoo anawika. Anapiga kona, kunapambazuka. Anapiga kona nyingine, kunapambazuka tena, jogoo yule yule, umande ule ule unamlowesha pindo la gauni. Ah, anasema, hata huku! Mbele kuna mji, nyumba zake zimetazamana mbili mbili, mlango kwa mlango, dirisha likifunguliwa huku, la kule nalo linafunguliwa, na watu wake wamevaa vizuri, wamebeba vikapu, wanaamkiana, ila hawana nyuso, shingo ikiisha ni weupe tu kama karatasi. Mwanamke mmoja aliyejitanda kanga anamsogelea. Mbona hamna nyuso? anauliza Mwantumu. Ungetupa saa ngapi, anajibu yule mwanamke, na wewe kutwa unapamba mawingu? Nipeleke hadithi inapoanzia, anasema Mwantumu. Kitendawili, anasema mwanamke. Jamani, sina nafasi ya michezo, mimi. Kitendawili! Haya, tega. Nimekaa na mgeni kutwa hakusema. Alipovaa viatu ndipo aliposema.

Mwalimu mzima hashindwi na hiki. Redio, anasema. Siyo. Mvua. Siyo. Basi jogoo, maana huku naona hakuna kingine. Siyo, nipe mji. Ndiyo sheria ya vitendawili, usipojua unalipa mji, basi Mwantumu anasonya na kusema, chukua Korogwe. Hajafumba mdomo, tayari wako Korogwe, na Korogwe ni mji ule ule, milango ile ile, kunapambazuka. Kitendawili ni kile kile. Anabahatisha tena, anakosa tena, anatoa Pangani, anatoa Handeni, anatoa Lushoto na baridi yake, anatoa Tanga nzima na bandari yake, na kote huko jogoo keshafika kabla yao. Nipe mji, anasema mwanamke. Sina tena. Unao mmoja. Sina, nimekwambia! Unao, umeukalia. Unajua nini wewe, usiye hata na pua? Mwanamke hakasiriki wala haondoki, anangoja tu, na ule ungojaji wake unamchosha Mwantumu kuliko matusi. Hasira zinamwishia. Chini ya hasira hizo anakuta aibu, imekaa palepale alipoiacha. Chukua kwangu, anasema kwa sauti ndogo. Chukua baraza yangu.

Na hapo hakupambazuki. Ni saa tisa mchana, jua kali, Chausiku amekaa mkekani anamenya chungwa, na ana uso, uso wake mwenyewe, na kovu la tetekuwanga juu ya nyusi. Mwantumu anaujua mchana huu, anaujua wote, tangu ganda la kwanza. Za hapa, dada? Nzuri. Za shule? Nzuri. Mguu wa mama? Haujambo, anautembelea. Na mvua huko kwenu? Zinakuja zinakwenda. Saa nzima salamu, huku madaftari ya wanafunzi yamejaa mapajani mwa Mwantumu na kalamu yake nyekundu haipumziki. Kisha Chausiku anainuka, haya dada, mimi naondoka, anafika kizingitini, anainama kuvaa kandambili, ukanda umechomoka, anaupachika kwa kidole, na kabla hajainuka anasema, dada, nina neno dogo. Siku ile Mwantumu hakuinua hata kichwa. Alisema, tutaongea Jumapili, mdogo wangu, si unaona kazi hii. Alhamisi homa ikamchukua Chausiku, Ijumaa wakamzika. Mama yao mpaka leo hajui kwamba kulikuwa na neno. Hakuna anayejua. Ndilo hilo Mwantumu analolizungushia mawingu miaka mitatu.

Na sasa jibu lile lile limeshafika kwenye meno, Jumapili, Jumapili, linataka kutoka lenyewe. Analing'ata. Sema, anamwambia. Nirudi nikae kwanza? Usikae! Sema hapo hapo ulipo, na kandambili yako mguu mmoja, sema, Chausiku, nakusikiliza. Chausiku anainua uso, anafungua kinywa, na yule jogoo mshenzi anawika.

Anazinduka, wino umemganda shavuni. Hafuti. Anafungua ukurasa mpya na kuandika, mdogo wangu alikuwa ameshavaa kandambili mguu mmoja aliposema, dada, nina neno dogo, nami nikamwambia, Jumapili. Anaisoma. Haina jua, haina umande. Analia kidogo, anapenga kamasi kwa upindo wa kanga, anaandika ya pili, na ya tatu inakuja bila kuitwa. Ijumaa atamsomea mama, na mama atauliza, neno gani, naye itabidi aseme sikumsikiliza. Liwalo na liwe. Ndipo anapoona ganda la chungwa mkekani, bado bichi, na hakumbuki kula chungwa leo. Nyuma yake, kizingitini, ukanda wa kandambili unapachikwa. Hodi, dada. Huenda ni jirani kaja kuomba chumvi. Huenda bado amelala, na akigeuka kutapambazuka tena. Mwantumu anaweka kalamu chini, anainua kichwa. Karibu, anasema. Salamu tutapeana baadaye. Anza na neno.